Unene wa Vidonge

Mama mkwe wangu alihamisha kahawa yake kutoka kwenye nyumba niliyokuwa nalala, akaiweka mahali wezi wangeweza kuifikia, ili mimi nipate kupumua. Mwaka uliofuata nilikaa kwenye mkeka mbele ya watu wazima zaidi ya kumi, nikamwacha asemwe kwamba ananitesa. Nimejaribu kuandika habari hii mara kadhaa. Kila mara nilianza na ugonjwa wangu, kwa sababu ugonjwa unanifanya nionekane mtu wa kuhurumiwa. Safari hii nimeanza na kosa. Sasa ndiyo naweza kuueleza ugonjwa.

Nilizaliwa Kyerwa, kwenye familia ya wafugaji. Kwetu ng'ombe ndio waliopanga siku: saa ya kuamka, saa ya kula, nani aende wapi. Mimi walinikataa. Nikisogea zizini wakati wa kukamua, macho yanavimba, pua inachuruzika, kifua kinaanza kupiga filimbi. Nikishika ndama, mikono inaota mabaka mekundu yanayowasha hadi jioni. Wadogo zangu wa kike walikamua, wakasuka maziwa kwenye kibuyu wakatoa samli. Mimi niliachiwa maji na vyombo. Hakuna aliyeita jambo hilo aleji. Waliita mafua ya ng'ombe, wakacheka kidogo, wakazoea.

Mama hakunipiga wala kunitukana kwa sababu ya hali ile. Lakini wageni wakija, hasa wenye vijana wa umri wa kuoa, aliniambia kwa sauti ya upole, "Nenda kapumzike chumbani." Nilikuwa mwembamba, macho mekundu, mdomo wazi muda wote kwa sababu pua haikupitisha hewa. Nilikaa kitandani nikiwasikiliza wadogo zangu wakisalimia wageni sebuleni. Zahanati walinipa vidonge vya njano vya mafua, vile vinavyoleta usingizi, na mimi nikalala darasani. Baba alipofariki nilikuwa kidato cha tatu. Siku ya msiba kila mtu alikuwa analia, kwa hiyo kwa mara ya kwanza uso wangu ulifanana na nyuso za wengine.

Nilipomaliza chuo cha ualimu nilipangiwa shule ya msingi Kituntu. Nilifurahi kuwa mbali na zizi, nikadhani mambo yamekwisha. Sikujua kuhusu vumbi. Watoto hufagia madarasa kabla ya kengele, na mwalimu wa kipindi cha kwanza anaingia vumbi likiwa bado linaelea kwenye mwanga wa dirisha. Ongeza chaki. Nilikuwa nikipiga chafya kumi, kumi na tano mfululizo, na darasa la nne walikuwa wakizihesabu kwa kunong'ona. Nikigeuka, wananyamaza.

Mwalimu mwenzangu, mama wa makamo aliyekuwa akikaa meza ya jirani, alinihurumia. Alitoa kwenye pochi karatasi yenye vidonge vidogo vyeupe alivyobakiza alipotibiwa vipele.

"Jaribu hivi," alisema. "Mimi vilinikausha kwa siku moja."

Nilimeza viwili jioni hiyo na viwili asubuhi. Siku ya pili nilikuwa napumua kwa pua. Nilikuwa natembea kwenda shule na rundo la madaftari, kahawa imechanua pande zote za njia. Maua yale meupe nimeyaona tangu utotoni, ila sikuwahi kujua kwamba yananukia. Nilisimama pale njiani nikivuta harufu ile, tena na tena, mpaka watoto wakanipita, wakaniamkia shikamoo na mimi nikasahau kuitikia.

Mtu aliyekaa miaka ishirini na kitu bila kunusa hawezi kuambiwa arudi alikotoka. Hivyo ndivyo nilivyojitetea. Jumamosi nilipanda bodaboda hadi Kayanga, nikaenda duka la dawa karibu na stendi. Mwenye duka alikuwa mama wa Kiislamu, wazazi wake walihamia huku kutoka pwani, mwenye maneno taratibu na mikono inayofanya kazi huku macho yakikutazama. Nilimwonyesha karatasi ya vile vidonge.

"Hizi nani kakuandikia, mwalimu?"

"Daktari."

"Wa wapi?"

"Wa kwetu, Kyerwa."

"Kakwambia utumie kwa muda gani?"

"Mpaka nikae sawa."

Alinitazama kidogo. "Hizi si dawa za kukaa nazo. Ni za siku chache kisha unaacha. Leo nitakupa, ukirudi tena uje na cheti."

Sikurudi na cheti. Nilienda duka la pili, na baadaye la tatu, nikawa nazunguka ili nisizoeleke. Katika duka moja nilisema ni za mama yangu, ana miguu inayouma. Sikuwa mjinga. Ndani ya boksi la kwanza kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi, ya Kiingereza, herufi ndogo kama ulezi. Niliisoma yote nikiwa nimekaa kitandani. Iliandika kuhusu uso kuvimba, mifupa kudhoofika, sukari kupanda, na hatari ya kuacha ghafla. Nikaikunja nikaitupa kwenye shimo la takataka. Kwa hiyo nilipokuja kuulizwa kama nilijua, jibu lilikuwa ndiyo.

Baada ya miezi michache uso ukajaa. Mashavu yakapanda, shingo ikajaa, gauni zikabana. Njaa yangu ilikuwa ya mtu anayelima tangu alfajiri. Watu walisema Kituntu imenikubali. Walimu waliuliza nakula nini. Nilijua kabisa kwamba ule si unene, ni dawa, na nilipenda kila neno la sifa. Nilinunua kioo kikubwa zaidi.

Krismasi ile nilienda nyumbani. Nilimeza kimoja zaidi kabla ya kupanda gari, kwa sababu ya ng'ombe. Mama alinipokea uani, akanishika mashavu kwa mikono yote miwili, akaita majirani. Siku mbili baadaye wageni walipofika, aliniita mwenyewe nije sebuleni niwakaribishe. Nilipita na trei ya vikombe vya maziwa nikiwa mnene, macho meupe, pua kavu, na mama alikuwa akinifuata kwa macho kama mtu aliyerudishiwa kitu chake kilichopotea. Nilijiambia kwamba hata kama ningetaka kuviacha vile vidonge, yeye ningemwambia nini.

Mume wangu nilimpata katika unene huo. Ni fundi bomba, alikuja shuleni kufunga tangi la maji ya mvua, akakaa siku tatu kwa kazi ya siku moja. Kwao ni Ihanda. Baada ya ndoa nilipata uhamisho kwenda shule ya karibu na huko, tukaishi kwenye kibanja cha mama yake, shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba mbili: ya kwetu ya matofali, na ya mama mkwe, ya zamani, iliyo na jiko lake pembeni.

Mama mkwe alikuwa mjane, mfupi, mchapakazi, anayeongea kwa Kinyambo na migomba na mbuzi na mwenye Kiswahili cha kanisani. Tangu siku ya kwanza aliniita mwanangu. Vidonge nilivificha kwenye boksi la chaki ndani ya mkoba wa shule, kwa sababu hakuna anayefungua boksi la chaki la mwalimu.

Msimu wa kahawa ulipofika, aliweka magunia chumba cha pili cha nyumba yetu. Ndiyo nyumba yenye mlango wa chuma, na kahawa kavu ya maganda ikikaa ovyo haichelewi kuibiwa. Wakati huo vidonge vilikuwa vimeniishia, na sikupata nafasi ya kwenda Kayanga. Kwa siku mbili vumbi la yale maganda lilinikaa kifuani. Asubuhi ya siku ya tatu mama mkwe alinikuta nimekaa kwenye kizingiti, nimeinama, mikono juu ya magoti, navuta pumzi kama nachota maji kwa kijiko.

"Ni kahawa," alisema.

"Ni vumbi tu, mama."

"Vumbi la kahawa."

Kufikia saa sita mchana magunia yote yalikuwa kwenye jiko lake, ambalo mlango wake ni wa mbao na kitasa cha kamba. Aliyabeba mwenyewe, moja moja, hakumsubiri mwanawe. Kisha akawahamisha mbuzi waliokuwa wanalala chini ya dirisha letu. Mimi jioni ile nilipata bodaboda, nikaenda Kayanga, nikarudi na vidonge. Kesho yake nilikuwa mzima. Nilimwambia, "Mama, umeniponya." Akafurahi sana. Jumapili aliwasimulia wenzake nje ya kanisa kwamba mkwe wake alikuwa anasumbuliwa na kifua, akahamisha kahawa, kikatulia. Walimsifu. Nilikuwa nimesimama kando yake, natabasamu.

Wezi walikuja kweli, wakachukua magunia mawili. Mume wangu alikasirika. Mama mkwe alisema kahawa itazaa tena mwakani, basi, na hakulirudia jambo hilo.

Mwili wangu ulianza kunidai mwaka uliofuata. Nikigonga mkono kwenye meza kidogo tu, panabaki alama ya bluu wiki nzima. Tumboni na mapajani ikatokea michirizi mipana ya zambarau. Nikichuchumaa kumenya ndizi, kusimama ilikuwa kazi; ilinibidi nishike ukuta. Niliogopa. Lakini badala ya kwenda hospitali niliamua kumaliza mambo kimya kimya: nitaacha tu, siku moja, kama mtu anavyoacha sukari kwenye chai. Ile karatasi niliyoitupa ilikuwa imenionya juu ya hilo hilo.

Siku ya kwanza na ya pili nilikuwa sawa. Siku ya nne nilikuwa jikoni na mama mkwe, saa nne asubuhi, tunamenya ndizi. Nilikuwa nimetapika mara mbili bila kumwambia. Nikasikia baridi, kisha jiko likageuka. Nilipofumbua macho kichwa changu kilikuwa kwenye mapaja yake naye ananimwagia maji usoni. Mume wangu alikuwa kazini mbali. Mama mkwe aliita bodaboda, akanipakia katikati, yeye nyuma amenikumbatia kiunoni ili nisianguke, na hivyo ndivyo tulivyofika hospitali.

Daktari alikuwa dada wa umri wangu. Alipima presha, akapima tena, akaagiza dripu. Kisha akauliza, "Kuna dawa yoyote unatumia?"

"Hapana."

Alinitazama uso. Akafunua gauni kidogo, akaona michirizi. "Dawa yoyote, hata ya kununua dukani? Hata ya zamani?"

"Hapana, daktari."

Mama mkwe alikuwa amesimama upande wa kichwani, khanga yake imelowa maji aliyonimwagia. Alisema, "Daktari, huyu hali dawa yoyote. Mimi nakaa naye, nakula naye. Naapa mbele ya Mungu."

Sikumzuia. Ningeweza kumshika mkono tu, angeelewa. Nilifumba macho.

Daktari alimwomba kwa heshima asubiri nje. Mlango ulipofungwa alivuta kiti. "Sasa niambie jina la dawa," alisema, bila ukali. Nikamwambia yote, kuanzia zile zilizotoka kwenye pochi ya mwalimu mwenzangu. Hakunikemea. Alinieleza kwamba vidonge vile vinaufanyia mwili kazi ambayo mwili unapaswa kuifanya wenyewe, na ukivimeza muda mrefu mwili unasahau. Ukivikata ghafla, unabaki huna kitu. Kwa hiyo nitarudishiwa vidonge vile vile, halafu vipunguzwe polepole, kwa miezi mingi, na yeye ndiye atakayepunguza, si mimi. Na aleji yenyewe itatibiwa kwa njia yake: dawa ya kupuliza puani kila asubuhi, pampu ya kuvuta kifuani asubuhi na jioni na kusukutua mdomo baada yake, kuosha pua kwa maji yaliyochemshwa na chumvi, kukaa mbali na vumbi na wanyama kadiri inavyowezekana.

"Kwa muda gani?" niliuliza.

"Hii haina siku ya kuhitimu. Utatumia hata siku ambazo huna chafya. Hizo ndizo siku dawa inafanya kazi."

Nilimwomba asimwambie mama mkwe. Akasema siri ni yangu. "Lakini mtu anayekaa na wewe angejua. Ukianguka tena, yeye ndiye atakayeulizwa."

Nyumbani nilisema ni presha ya kushuka. Vidonge vya kupunguza nikavirudisha kwenye boksi la chaki. Dawa ya puani na pampu nilivitumia chooni, mlango umefungwa.

Ndipo nilipoanza kukonda. Kwanza mashavu, kisha shingo, kisha mikono. Gauni za harusi zikaning'inia. Pua haikuwa nzuri kama zamani, ile dawa ya kupuliza inataka uvumilivu, na zilikuwepo wiki ambazo nilipiga chafya darasani mpaka nikatoka nje. Shuleni watu waliacha kuuliza nakula nini. Nilisikia kwa mzazi mmoja, aliyedhani simsikii, kwamba mwalimu ameathirika na mume ndiye aliyemletea. Hilo pia sikulikanusha.

Mama alikuja kunitembelea na kibuyu cha maziwa. Hakuwa ameniona kwa karibu mwaka mzima. Alisimama mlangoni, kibuyu mkononi, hakukiweka chini.

"Wanakufanya nini hapa?" aliuliza kwa Kinyambo.

"Hakuna kitu, mama."

"Unakula?"

"Nakula."

Maneno yangu yalikuwa ya kweli, lakini najua nilivyoyasema. Niliyasema nikitazama chini, kwa sauti ya binti aliyefundishwa kutosema. Nilimpa mama kitu cha kushika, kwa sababu asipokuwa na mwingine wa kumlaumu angeniuliza mimi. Na zaidi ya hapo, siwezi kuficha, nilitaka aendelee kuamini kwamba yule binti mnene wa Krismasi alikuwa wa kweli na kuna mtu amemharibu.

Baada ya majuma matatu alirudi, safari hii na baba mdogo na wazee wawili wa ukoo. Upande wa mume wangu wakaitwa baba zake wakubwa na majirani wawili. Mikeka ilitandikwa uani kwa mama mkwe. Baada ya salamu na maneno ya heshima, baba mdogo alisema walileta binti mwenye afya, kila mtu Kyerwa ni shahidi, na sasa wamekuta mifupa. Mama akaongeza kwamba amesikia binti yake alizimia jikoni, kwa mama mkwe, akimfanyia kazi. Hakutaja njaa wala sumu. Aliacha nafasi ya maneno hayo, na kila mtu akaijaza.

Mume wangu alitaka kusema, mama yake akamnyamazisha kwa mkono. Akanigeukia mimi.

"Mwanangu," alisema, "mimi nimekunyima nini?"

Boksi la chaki lilikuwa ndani, hatua ishirini kutoka pale. Ningeingia, ningetoka nalo, yangeisha.

"Sijui, mama," nilijibu.

Nimeyapima sana maneno hayo mawili. Kama ningesema hujaninyima kitu, angekuwa huru. Kama ningesema umeninyima chakula, angeweza kubisha. Lile sijui langu lilimwacha bila pa kushika. Kikao kiliisha kwa kumwonya kwa adabu. Aliwasindikiza wageni mpaka barabarani, kama kawaida, akawaombea safari njema.

Kuanzia siku ile alibadilika jambo moja tu. Kila chakula alichonipikia alikiweka mezani, akakata kipande, akakila yeye kwanza mbele yangu, kama mwenye pombe anavyoionja kabla ya kumpa mgeni. Ndizi, maharage, hata chai. Akimaliza kumeza ananisogezea. Hakusema kwa nini. Mimi nilikula.

Mume wangu aligundua bila mimi kumwambia. Alinisindikiza hospitali kwa sababu barabara ilikuwa imeharibiwa na mvua, na daktari, akidhani mwenzangu anajua, alisema mbele yake, "Hongera, sasa tumebakiza nusu kidonge. Baada ya miaka yote ile ya kuvitumia, mwili wako umeamka." Mume wangu hakuuliza kitu pale. Njiani alisimamisha pikipiki chini ya miti, akauliza, nikamjibu. Alifuta tope kwenye taa ya pikipiki.

"Mama yangu aliapa," alisema mwishoni. "Utamwambia wewe. Si mimi."

Ilinichukua zaidi ya mwezi. Kila siku nilikuwa na sababu: mitihani, mgeni, mvua. Nilimwambia hatimaye shambani, tukichuma kahawa. Nilikuwa nimefunga kitambaa puani, ikabidi nikishushe ili nisikike. Nilieleza tangu mwanzo. Hakuacha kuchuma. Punje nyekundu zilikuwa zinadondoka kwenye kikapu chake kwa mwendo ule ule.

"Kwa hiyo siku ile sikukuponya mimi," alisema.

"Hapana, mama. Zilikuwa dawa. Lakini kahawa nayo ilikuwa inaniumiza, daktari amesema ulifanya sawa."

"Na hospitali niliapa uongo."

"Hukujua."

"Mungu alijua, na wewe ulijua." Akahamia mti mwingine. Nikamfuata. "Umeniambia mimi, nimesikia," alisema. "Lakini siku ya kikao walikuwepo watu."

Nilielewa anachotaka. Nilienda Kyerwa nikamwambia mama. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango wa sebule ingawa hapakuwa na mtu nje.

"Hayo usiyaseme kwa watu," alisema. "Watasema tuliozesha mgonjwa kwa hila."

"Ndivyo ilivyokuwa, mama. Sema hila ilikuwa yangu."

"Mimi nilikuwa najivunia," alisema. Nilidhani ataendelea. Alinyanyuka akaenda kuangalia maziwa jikoni, akakaa huko mpaka wakati wa mimi kuondoka.

Hakuja Ihanda. Baba mdogo alikuja, peke yake, uso umekunjamana. Wale majirani wawili na wazee wa upande wa mume wangu walikaa uani, na mimi nikasimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitasema kwa sauti ya chini. Nilitoa vidonge, dawa ya puani na pampu, nikaviweka kwenye mkeka. Nikasema nilidanganya maduka, nikamdanganya daktari, na kwamba kukonda kwangu ni mwili kurudi ulivyokuwa. Nikasema mama mkwe wangu hajaninyima kitu tangu nilipoingia kwake. Mzee mmoja alichukua pampu akaigeuzageuza, akauliza kama inaambukiza. Mwingine alisema mwalimu mzima, na kusoma kote. Hakuna aliyemwomba mama mkwe msamaha isipokuwa mimi. Alisema, "Nimesikia. Mungu akubariki," akaenda kuleta chai. Kikombe changu hakukionja. Nilikinywa chote, kikiwa bado cha moto.

Vidonge nimeacha kabisa, kwa utaratibu, imepita miaka. Dawa ya puani napuliza kila asubuhi mezani, watu wakiniona, na pampu naiweka juu ya meza ya mwalimu. Darasa hufagiwa jioni na kunyunyiziwa maji. Niliomba, mwalimu mkuu akakubali mara moja, ombi ambalo ningeweza kulitoa tangu mwaka wangu wa kwanza kazini. Msimu wa kahawa kifua bado kinabana, naongezewa dawa, kisha napunguziwa. Mimi ni mwembamba. Wapo wanaoamini bado kwamba nimeathirika, na wapo wanaoamini nilimsafisha mama mkwe kwa kulazimishwa na mume. Maneno niliyoyasema nikiwa nimesimama hayakufika mbali kama yale mawili niliyoyasema nikiwa nimekaa.

Mama mkwe sasa yuko Bukoba kwa binti yake, anatibiwa magoti. Anapiga simu jioni kwa mwanawe. Wiki iliyopita mume wangu alikuwa anaoga, nikapokea mimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu."

Aliniuliza habari za migomba. Kisha akasema jirani wa huko ana mjukuu wa kike anayepiga chafya na kujikuna usiku kucha, wamemletea vidonge kutoka dukani amepata nafuu ya haraka, na yeye hajapenda ile haraka. Apelekwe wapi? Nikamwambia apelekwe hospitali, waende na lile boksi la vidonge, wasivikate wenyewe, na daktari aambiwe kila kitu alichopewa. Alinitaka nirudie polepole ili akariri. Nikarudia.

"Vizuri, mwalimu. Nitawaambia," alisema. "Sasa nipe mwanangu."

Nilimngojea mume wangu mlangoni pa bafu, nikampa simu.